Barua Moja, Majina Mawili

Ilianza Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, wiki moja baada ya karatasi yangu ya mwisho ya mtihani wa Kidato cha Nne. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa saiba, duka la intaneti na kuchapa, ya Bosi Sefu pale Shauri Moyo, nimevaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi, na nilisimama muda mrefu kwa sababu sikujua mtu hubishaje mlango ambao uko wazi. Bosi alikuwa amepiga magoti nyuma ya printa akitafuta waya.

"Wewe ndiye msichana wa Makongeni? Binti wa yule mtu wa reli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unajua kuchapa haraka?"

Nikatikisa kichwa.

"Unajua kunyamaza?"

Nikaitikia tena.

"Basi ingia. Hao wanaojua kuchapa haraka huongea sana."

Sasa nimestaafu, nikiwa na miaka kumi na tisa. Mama akilisikia neno hilo huweka mwiko chini ili acheke vizuri. "Kustaafu! Sema kazi imekushinda." Lakini nilikaa kwenye kiti kile karibu miaka miwili, nikaondoka kwa miguu yangu, na nimesikia kuna msichana mwingine anakikalia. Sikujui. Nakuandikia kwa sababu kuongea siwezi; ukinikuta njiani nitavuka barabara nijifanye naangalia viatu vya mitumba. Mshahara sitautaja. Bosi atakutajia mwenyewe, na wewe utadhani bado hajamaliza kusema.

Kwanza vyombo. Skana ya kijivu haipendi kushtuliwa. Iwashe, nenda kawashe mashine nyingine zote, ukirudi itakuwa imekubali. Kompyuta ya dirishani ndiyo nzuri kuliko zote ila Q yake iling'oka, na wateja wenye majina kama Qamar na Qassim hawakosi hapa kwetu, kwa hiyo weka kalamu karibu ubonyeze kwa ncha yake. Lile shuka jeupe nyuma ya mlango si la Bosi kulalia, ingawa utamkuta amelilalia. Ni la picha za pasipoti. Lifue kila Jumamosi.

Na mashine ya kulamineti. Sikiliza. Usilamineti cheti cha digrii cha mtu, hata akulilie. Mwezi wangu wa kwanza alikuja kaka mmoja mpole, anataka kuomba nafasi ya masta, yaani digrii ya pili, ng'ambo. Nyumba yao inavuja, kwa hiyo siku aliyopewa digrii alienda moja kwa moja kuilamineti, ipone mvua. Sasa chuo cha huko kinataka nakala iliyogongwa muhuri na wakili, na wakili amemwambia hagongi muhuri kwenye plastiki. Tukajaribu kuibandua kwa pasi na wembe. Plastiki ikatoka vizuri sana, ikatoka na nembo ya chuo na nusu ya jina lake. Akaishika ile nusu, akasema, "Basi." Aliondoka akiwa ameifunika kwa koti, na nje jua lilikuwa linawaka.

Mwingine aliwaandikia maprofesa wote wa dunia barua pepe moja, anwani zao zikiwa zimepangwa juu wazi, kila mmoja akiwaona wenzake. "Mheshimiwa Profesa, nimevutiwa sana na utafiti wako." Mmoja alijibu, akawatumia wote: je, utafiti wa nani kati yetu? Yule kaka akaniuliza kama hilo ni jibu zuri. Nilinyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Haya yote nilikuwa nayaona kama kazi ya karatasi tu: skani, punguza ukubwa, pakia, lipisha. Aliyenionyesha kwamba kuna mtu ndani yake ni Dada Mwanaidi.

Dada Mwanaidi ni wa Majengo, na baba yake, Mzee Athumani, anashona viatu vya ngozi pale Kariokor. Alikuwa na digrii ya kemia na alikuwa akifundisha shule moja ndogo ya binafsi, nyuma ya soko la Burma, kazi ya mwalimu ambaye hajaandikwa na serikali, yaani kazi zote. Mchana wateja wakipungua Bosi alimwacha akae dirishani bure, kwa sababu Mzee Athumani ndiye anayemshonea makubazi tangu ujana wake. Alikuja na chupa ndogo ya jamu yenye kitu cha rangi ya manjano chafu, akaiweka kando ya kibodi. Siku tatu nilitamani kuuliza. Siku ya nne akauliza yeye.

"Mbona unaitazama hivyo? Unadhani ni uchawi?"

"Hapana, Dada."

"Kumbe unaongea! Ni jivu. Lete kiti."

Akanieleza. Ngozi ya viatu huwekwa dawa isioze, na ndani ya dawa hiyo kuna metali inayoitwa kromiamu. Ikiwa ndani ya ngozi haina ubaya mkubwa. Lakini mafundi hukata, vipande vinabaki, na vipande vikibaki huchomwa nyuma ya vibanda. Katika moto ile kromiamu hugeuka, inakuwa ya aina nyingine, ya sumu, na mvua ikinyesha inaingia majini. Jivu lile alilikusanya yeye mwenyewe nyuma ya benchi la baba yake. Kwa mradi wake wa mwisho chuoni alitengeneza kitu cha kuikamata ile kromiamu isiende na maji, kitu kidogo sana, akasema, kama kiganja chenye vidole sita. Akanionyesha kwa kiganja chake mwenyewe, akaongeza kidole kimoja kutoka mkono wa pili.

"Hiyo ndiyo inaitwa kemia isokaboni. Metali na vitu vinavyoishika. Shuleni mlifundishwa nini?"

"Kukariri."

Alicheka mpaka Bosi akachungulia.

Alitaka kufanya masta ya utafiti, kisha uzamifu, na hapa nyumbani mashine ya kupimia alichotaka kupima ilikuwa imeharibika tangu kabla hajajiunga na chuo. Kwa hiyo ilikuwa lazima ng'ambo, na lazima afadhiliwe. Nilijifunza kwake namna inavyofanywa, nawe jifunze. Humwandikii mtu kabla hujasoma alichoandika. Alisoma makala za profesa mmoja miezi miwili, mmoja tu, wa mji fulani wa baridi, nikawa namchapishia ukurasa kwa ukurasa pande zote mbili za karatasi. Kisha akamwandikia mistari minane. Mstari wa sita ulimwambia profesa kwamba jedwali lake fulani halielezi kinachotokea maji yakiwa machafu kama yetu. Mimi niliona ni utovu wa adabu. Nikamwambia, "Dada, si umsifu kwanza?"

"Wanaomsifu wako wengi, Nelima. Mimi ndiye nina jivu."

Profesa alijibu kesho yake.

Siku ya usaili Bosi alijitoa mhanga. Alizima printa, akatundika shuka nyuma ya Dada, akasimama mlangoni kuwazuia watu. "Leo hakuna kodi ya KRA, hakuna kitambulisho, rudini saa kumi!" Nje watu wa mikokoteni walikuwa wakipiga kelele za kuombana njia kwenda soko la Gikomba. Profesa alikuwa mzee mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Dada aliinua chupa yake ya jamu mbele ya kamera, na yule mzee akasogea mpaka pua yake ikajaa skrini. Walicheka. Sikuelewa nusu ya maneno, lakini najua sura ya mtu aliyekubaliwa. Mwishoni profesa alisema nafasi ipo, pesa ipo, anangoja barua ya mapendekezo ya mwalimu aliyemsimamia, basi.

Bosi alinunua sambusa. Mzee Athumani alikuja na mikono yake yenye gundi, akawa anasalimia kila mtu mle ndani, pamoja na mteja aliyekuja kufotokopi tu.

Sasa hapa kuna desturi, na usipoijua utadhani watu ni wabaya. Chuo chetu kina wanafunzi wengi na walimu wachache. Ukienda kwa mwalimu kuomba barua, anakwambia, "Andika wewe, uniletee nitie sahihi." Wote hufanya hivyo. Si siri, hata mlinzi wa getini anajua. Basi Dada Mwanaidi akakaa dirishani kujiandikia barua kwa sauti ya Daktari wake, yule mwalimu aliyemsimamia. Ilimchukua wiki nzima. Mtu anayeweza kumkosoa profesa wa ng'ambo kwa mstari mmoja alikuwa anashindwa kuandika "ana bidii". Anaandika, anafuta. "Nelima, mimi nina bidii?" "Unayo, Dada." "Daktari angejuaje?" Mwishowe aliacha sifa, akaandika mambo yaliyotokea: kwamba mwanafunzi huyu alikusanya jivu nyuma ya benchi la baba yake, fundi viatu, kwamba jaribio lilikataa mara nyingi na kila mara aliandika kwa nini, kwamba maabara ilipokosa maji alibeba ya kwao. Barua nzuri kuliko zote zilizowahi kuchapwa pale. Daktari akatia sahihi akiwa amesimama, akaituma, ikaisha.

Ikaisha, lakini ilibaki kwenye mashine yetu.

Utakuta folda kwenye kompyuta ya kaunta imeandikwa BARUA NZURI. Ni ya Bosi. Mteja akiandika kitu kizuri, kiwe cha kuomba kazi, cha kuomba karo, cha kuomba msamaha kwa mwenye nyumba, Bosi hukihifadhi, na akija mwingine asiyejua kuandika humtolea, hubadilisha jina, humchapishia. Hajawahi kuona ubaya. Kwake ni kama kumwazima jirani sufuria.

Siku niliyotumwa Muthurwa kununua wino, akaja Brayo. Brayo nasi tunamfahamu, kijana wa pale pale mtaani, alisoma kemia chuo kile kile, nyuma ya Dada kwa mwaka mmoja, chini ya Daktari yule yule. Anataka na yeye kujaribu ng'ambo. Bosi, kwa moyo mweupe, akamwambia hapa tuna kila kitu. Akampa jina la profesa wa Dada, maana huyo anajibu. Akampa barua ya Dada. Akabonyeza pale pa kubadilisha maneno yote kwa mpigo, Mwanaidi ikawa Brian, ndilo jina kamili la Brayo, akachapisha. Brayo akampelekea Daktari. Daktari akatia sahihi akiwa amesimama, akaituma.

Tulijua Jumatano. Dada alifungua barua pepe, mimi nikiwa nyuma yake na chai. Profesa wa ng'ambo alikuwa ameandika kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya. Amepokea barua mbili kutoka kwa mwalimu mmoja, kuhusu waombaji wawili, zinafanana neno kwa neno, hata fundi viatu. Kwa sheria zao wote wawili wanapaswa kuondolewa. Lakini kwa kuwa alishazungumza na Dada, yuko tayari kusikiliza: ikiwa mwalimu atamwandikia yeye mwenyewe, kwa maneno yake, kabla ya Ijumaa adhuhuri, kueleza kazi aliyoifanya Mwanaidi, basi ataangalia tena.

Dada alisoma mara mbili. Kisha akauliza bila kugeuka, "Bosi, nani alichukua barua yangu?"

Bosi alikuja akipangusa mikono. Akasoma. Nilimwona anavyoelewa, kidogo kidogo.

"Mwanaidi, wallahi, nilibadilisha jina lote. Sikujua mle ndani kuna mambo ya mzee."

"Hukusoma?"

"Nani husoma, mwanangu? Barua ni barua."

Brayo aliitwa. Alikuja na kofia, akaitoa mlangoni.

"Niaje, Dada. Nimeskia. Mi sikujua ni yako, haki."

"Ulisoma, Brayo?"

"Ile ya juu juu."

"Baba yako anafanya kazi wapi?"

"Ofisi za kaunti, si unajua."

"Sasa huyo fundi viatu aliye kwenye barua yako ni nani?"

Brayo akaitazama kofia yake. Dada hakupandisha sauti. Alisema tu, taratibu, kama anayesoma bei ya kitu, "Mmenichukulia mpaka baba."

Mimi nikapata wazo, na kwa mara ya kwanza nikasema mbele ya watu watatu. Nikasema, si tumwambie profesa ukweli, kwamba barua ni ya Dada, yeye ndiye aliyeiandika mwenyewe, Brayo akapewa?

Dada alinigeukia. "Nikisema nimeiandika mimi, nimejifunga. Kule kujiandikia barua ni wizi. Nikisema sikuiandika, basi huenda ni ya Brayo. Nikate wapi?"

Brayo akasema yeye akikiri atanyang'anywa digrii, na amemaliza juzi tu. Siku hizi anauza viatu vya raba Gikomba na mjomba wake, na akiniona anaangalia raba.

Basi alibaki Daktari. Alhamisi Dada aliomba ruhusa shuleni, akaniomba niende naye, si kwa sababu ningesema lolote. Alisema tu hataki kukaa peke yake kwenye lile benchi la nje ya ofisi ya Daktari chuoni. Tukakaa kwenye lile benchi. Mimi nilishika mkoba wake, na ndani ya mkoba ile chupa ya jamu ilikuwa inagongana na funguo.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule mtu. Alikuwa mtu mwema. Alisimama, akatushika mikono, akatuondolea mafaili kwenye viti.

"Mwanaidi! Karibu, karibu. Wewe ulikuwa wa shaba, si ndiyo?"

"Kromiamu, Daktari."

"Kromiamu, kweli, kweli. Na huyu mdogo wako?"

"Ni rafiki yangu."

Akasoma barua pepe kwenye simu ya Dada, akaisukuma mbali kidogo na macho, akavuta pumzi.

"Hawa watu wanapenda kusumbua. Mbona barua zilifanana? Nyinyi vijana mnakopiana."

"Daktari, ulizitia sahihi zote mbili."

"Natia sahihi nyingi, mama. Unaziona hizo?" Akaonyesha rundo mezani, na ni kweli lilikuwa rundo.

"Sikuja kulaumu. Nakuomba mistari kumi tu, kwa maneno yako. Chochote unachokikumbuka kuhusu kazi yangu. Hata ukisema nilivunja vyombo."

Akatabasamu. Akavuta kibodi. Tukasikia anachapa: tarehe, jina la idara, jina la profesa. Kisha "Nimemfahamu Mwanaidi kwa". Akasimama.

"Ulianza lini na mimi?"

Dada akamwambia. Akachapa.

"Ulikuwa unafanya na nani kule maabara?"

"Peke yangu. Muhula ule wewe ulikuwa safarini."

"Ndiyo. Warsha zile." Akachapa neno, akalifuta. "Na ulipata nini mwishowe? Ilishika au haikushika?"

Miezi minane Dada Mwanaidi aliifanya kazi ile ndani ya jengo lile, vyumba viwili kutoka pale tulipokaa, na mtu aliyempa alama alikuwa anamuuliza kama ilishika. Niliiangalia mikono yake. Ilikuwa imetulia kabisa magotini.

"Ilishika, Daktari," akasema.

"Vizuri! Vizuri sana." Akaisukuma kibodi pole pole, akatazama saa. "Unajua nini, mama? Wewe unaifahamu kazi hii kuliko mimi. Nenda kaandike nyingine. Ibadilishe badilishe. Punguza sifa kidogo, isifanane na ile. Unitumie jioni hii au kesho mapema, naisukuma mara moja. Nakuahidi."

Na angeisukuma. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ahadi ilikuwa ya kweli.

Tulirudi kwa miguu kutoka mjini, kupitia Muthurwa, katikati ya vitunguu na watu. Tukafika Shauri Moyo. Bosi alipotuona aliinua watu wawili kwenye kompyuta ya dirishani bila hata kuwaomba radhi, akapangusa kiti kwa mkono wake.

"Kaa, Mwanaidi. Andika. Hakuna atakayegusa, naapa."

Akakaa. Akaandika tarehe. Akaandika jina la idara. Akaandika, "Nimemfahamu Mwanaidi kwa". Vidole vikabaki juu ya kibodi. Nikamletea chai, ikapata utando. Bosi akajifanya anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Dada," nikasema, "yale ya maji. Andika tena yale ya kubeba maji, ila tofauti."

"Nitasema vipi tofauti? Niliyabeba." Akazungusha kiti. Macho yake yalikuwa makavu, na afadhali angelia. "Nelima, nimechoka kujisifu kwa sauti ya mwanamume asiyenijua."

"Ni mara moja tu. Ukifika huko itakwisha."

"Huko nikifika, nitakuwa nimefika na nini?"

Mzee Athumani alikuwa ameshafika na kusimama mlangoni. Nadhani alikuwa ameitwa. Alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ungeandika tu. Mimi naruhusu wanitumie baruani."

"Sio wewe, baba," Dada akasema. Akafunga ukurasa. Mashine ikamuuliza kama anataka kuhifadhi, akabonyeza hapana. Akachukua mkoba, wakaondoka na baba yake, yeye akiwa mbele kidogo.

Watu wengi wameniambia alikosea. Mama anasema kiburi. Bosi anasema angeandika kwanza, heshima angeitafuta baadaye akiwa na tumbo lililoshiba. Huenda. Usiku ule niliwaza hivyo mimi pia, na siku nyingine bado nawaza. Lakini wewe unayekalia kiti changu, nakuomba jambo moja ambalo halimo katika kazi uliyopewa: soma. Kila karatasi inayopita mikononi mwako, isome, hata kama mteja ana haraka. Barua ile ilipita kwa Bosi, kwa Brayo, kwa Daktari mara mbili, na mtu wa kwanza kuisoma alikuwa mgeni aliye ng'ambo ya bahari.

Ijumaa asubuhi nilifungua saa moja na nusu, nikawasha skana, nikawasha nyingine zote. Nikafungua kompyuta ya dirishani, nikaweka ukurasa mtupu, ikitokea Dada akabadili nia. Saa mbili kasorobo Dada Mwanaidi akapita akielekea shuleni, amevaa koti lake jeupe la maabara lenye doa. Akasimama dirishani.

"Umeamkaje, Nelima?"

"Salama, Dada." Nikauonyesha ukurasa kwa jicho.

Akauona. "Leo Kidato cha Nne wana jaribio," akasema, "na shuleni maji yamekatika tangu jana. Hamna mtungi hapo?"

Nikamwambia upo, nitauleta. Akaenda.

Baada yake akaingia msichana mmoja na bahasha ya kaki, mpole, anataka kuomba masta. Aliongea na Bosi kwa sauti ya kunong'ona. "Eti mna barua ya mwalimu? Nimeambiwa mnazo."

Bosi alinitazama, akaangalia pembeni. Kisha akasema, "Nelima, mwangalizie huyu dada kwenye ile folda."

Nikaifungua folda. Barua ya Dada ilikuwamo, na ya Brayo chini yake. Nikaisoma ya Dada mpaka mwisho, sikukimbia. Kisha nikachagua zote, za kazi, za karo, za mwenye nyumba, nikazifuta, nikaenda kwenye pipa nikazifuta na huko.

"Hakuna kitu," nikamwambia yule msichana. "Kaa hapa dirishani. Niambie ulifanya nini kwenye mradi wako."

Akafungua mdomo. Lakini Bosi alikuwa ameshasogea, ameshaona, na hakukasirika hata kidogo. Alinipiga bega kama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Usijali," akasema. "Nina nakala kwenye flashi."

Akaitoa mfukoni, akaipuliza vumbi, akaichomeka.

Nikavua funguo za duka shingoni, nikaziweka juu ya skana, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imepata moto. Nikaenda nyuma, nikajaza mtungi mpaka shingoni, nikajitwika, nikashika njia ya shuleni.